Maswali ya Wasomaji: Geuza Zulia Kabla ya Kulipa

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za mazulia: ukubwa gani, uzi gani, na kwa nini lililonunuliwa mwaka jana limeshalala na kunuka. Bei hatuziandiki, maana hupanda na kushuka mtaa kwa mtaa. Namna ya kuzilinganisha tumeieleza.

Sebule yangu ni mita 4 kwa 5. Nina sofa ya watu watatu, viti viwili vya mtu mmoja mmoja vinavyoikabili, na meza ya kioo katikati. Muuzaji anasema zulia la 5×8 linanitosha. Nina wasiwasi litakuwa dogo. Na chini ya meza ya chakula ya watu sita niweke la ukubwa gani? – Msomaji, Tanga

Wasiwasi wako ni wa haki, mama. Zulia linalokaa chini ya meza peke yake, sofa zote zikiwa nje, huifanya sebule ionekane ndogo kuliko ilivyo, na kila anayepita hulikunja pembe. Miguu ya mbele ya sofa na viti iwe juu ya zulia kwa sm 15 hadi 25.

Pima hivi. Meza yako ikiwa na upana wa sm 60, acha nafasi ya magoti ya sm 45 kila upande, kisha ongeza sm 20 za kuingia chini ya sofa na sm 20 za kuingia chini ya viti. Jumla ni sm 190. Huo ndio upana unaouhitaji. Kwa urefu, zulia lizidi sofa angalau sm 15 kila upande; sofa ya watatu huwa na kama sm 200 hadi 210, kwa hiyo usishuke chini ya sm 240. Futi 5 kwa 8 ni sm 152 kwa 244. Urefu unatosha, upana hautoshi. Tafuta sm 200 kwa 290 au 200 kwa 300. Katika chumba chako bado itabaki kama mita moja ya sakafu wazi kila upande.

Tena, hiyo "5×8" ya dukani ni jina tu. Zulia la sm 160 kwa 230 huitwa hivyo, na la 150 kwa 220 pia huitwa hivyo. La kwanza lina mita za mraba 3.68, la pili 3.3. Nenda na futikamba, pima mwenyewe, gawanya bei kwa mita za mraba, ndipo ulinganishe duka na duka.

Kabla ya kutoka nyumbani, tandika kanga. Kanga mbili za doti moja zikilazwa zimegusana upande mrefu kwa upande mrefu huwa na kama sm 150 kwa 220, yaani karibu sawa na hilo unalouziwa. Zitazame kwa siku mbili zikiwa hapo chini ya meza. Halafu fungua mlango: kama unafungukia ndani na nafasi chini yake ni sm 1.5, kapeti la manyoya marefu ya sm 3 litaukwamisha.

Umegusia pia meza ya chakula. Meza ya watu sita ya sm 180 kwa 90 inataka sm 60 za ziada pande zote ili kiti kikivutwa nyuma miguu yake isidondoke nje ya zulia; hiyo ni sm 300 kwa 210, kwa hiyo hata 200×300 inapungua. Ama ununue 240×340, ama uache sakafu wazi. Kwenye nyumba ya watoto wadogo na mchuzi wa nazi, sisi tungeiacha wazi.

Duka moja naambiwa "hii ni sufu safi ya Uturuki". Duka la pili, zulia lile lile, naambiwa "hii ni hariri". Mtu asiye fundi atajuaje? – Msomaji, Nairobi

Ligeuze. Mgongo wa zulia hauna maneno mengi.

Ukiona mgongoni maua yaleyale ya usoni, wazi kabisa, fundo kwa fundo, na safu haziko sawasawa kama zilizopigwa rula, hilo limefumwa kwa mkono. Ukiona miraba midogo iliyonyooka mwanzo hadi mwisho, mara nyingi na tabaka jembamba la gundi, hilo ni la mashine. Ukikuta kitambaa kimebandikwa mgongo mzima, manyoya yamechomekwa kwa mashine ya mkono iliyo kama bunduki na kushikwa na gundi ya mpira. Wauzaji huliita "la mkono", na si uongo kamili, ila gundi hiyo hukauka na kumeguka kwa miaka, na manyoya huanza kung'oka. Matamvua nayo yasikupite. Kwenye zulia la kufumwa kwa mkono, matamvua ni ncha za nyuzi za mtande, yaani za urefu, zilizopita ndani ya zulia lote. Kwenye la mashine huwa yameshonewa pembeni baadaye, na mshono unaonekana.

Kutoka Uturuki hakuligeuzi kuwa la sufu. Gaziantep, mji ulio kitovu cha viwanda vya mazulia vya nchi hiyo, hutoa mazulia mengi ya mashine, na mengi kati yake ni ya nyuzi za plastiki: polipropilini, poliesta au akriliki. Soma lebo, kama imekatwa, jiulize kwa nini. Kisha omba nyuzi mbili kutoka pembeni, uzijaribu nje ya duka.

Uzi wa kwanza utie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, uuminye kwa vidole humo humo ndani hewa itoke. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo itarudi juu kila unapoizamisha. Poliesta na nailoni zitazama. Uzi wa pili uchome, ukiushika kwa koleo. Sufu hukataa kuwaka, hujizima ukiiondoa motoni, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kwa vidole. Hariri ya kweli nayo hunuka nywele. Polipropilini huyeyuka, hunuka mshumaa na kuacha kidonge kigumu. Ile "hariri" ikiwaka haraka na kunuka karatasi, umeuziwa viskosi, uzi unaotokana na mbao. Unang'aa sana dukani, lakini ukilowa hupoteza nguvu, na hata maji matupu ya kunywa yakimwagika huacha doa gumu la manjano. Viskosi tunaikataa kwa sebule yoyote yenye wageni.

Hatusemi plastiki ni mbaya. Kwa nyumba yenye watoto, polipropilini nzuri ni chaguo la busara: mara nyingi rangi huwa imechanganywa ndani ya plastiki kabla ya kuvutwa uzi, basi jua na sabuni haziiondoi upesi, na chai haiingii ndani ya uzi. Udhaifu wake ni mafuta, ambayo huyashika na kuyang'ang'ania, na manyoya kulala pale watu wanapopita. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi za Selsiasi, kwa hiyo kuburuta kabati juu yake kunaweza kuacha mstari unaong'aa usiotoka. Msuguano peke yake umeshaichoma.

Ubora wa la mashine uko kwenye msongamano. Likunje manyoya yakiwa nje: ukiona mgongo kati ya mistari, manyoya ni machache. Bonyeza kwa dole gumba mpaka uhesabu kumi, uachie. Shimo lisiporudi, miezi sita mbele utaona njia kutoka mlangoni hadi kwenye televisheni. Mazulia ya kiwanda ya Iran huandikwa shane, yaani idadi ya safu katika mita moja ya upana: 700 ni la kawaida, 1200 ni la msongamano mkubwa. Kwa mengine, muulize muuzaji uzito kwa mita ya mraba. Likipimwa kilo 8 na ni la 160×230, hiyo ni kama gramu 2,170 kwa mita ya mraba. Ila uzito nao hudanganya, kwa kuwa gundi ya mgongoni huongezwa chokaa. Kunja pembe kwa nguvu. Unga mweupe ukidondoka, sehemu ya uzito uliopima ni chokaa.

Nyumba yetu ya chini inanuka uvundo. Tulipofunua kapeti la ukuta hadi ukuta tumekuta vidoa vyeusi. Tuweke la mkonge badala yake, kwa kuwa ni la asili? – Msomaji, Mombasa

Hapana. Mkonge na juti hunywa unyevu wa hewa, hutanuka na kusinyaa, na maji yakimwagika hubaki alama. Mkonge ni mzuri barazani palipokauka au ghorofani penye upepo, na una nguvu kuliko juti, lakini hautibu sakafu inayotoa maji.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kata karatasi ya nailoni ya sm 45 kwa 45, ibandike kwenye saruji tupu kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, ikae saa 24. Ikiwa na matone chini yake, au saruji imegeuka nyeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini na hakuna zulia la ukuta hadi ukuta litakalodumu hapo. Ikiwa kavu, tatizo ni hewa iliyofungiwa au bomba. Kwa vyovyote vile, ondoeni lote, msilioshe na kulirudisha. Wekeni tailizi au saruji iliyosuguliwa, na juu yake mazulia madogo ya polipropilini ambayo mtu mmoja anaweza kuyabeba, yanyanyuliwe kila wiki sakafu ipumue. Mgongo wa mpira mzito usiuweke hapo. Utafungia unyevu chini.

Tunataka kuweka kapeti ofisini, chumba cha mita 5.2 kwa 4.3, watu sita na viti vya magurudumu. Wengine wanasema tununue la roli. Pia tuna kona ya kusalia. – Msomaji, Dodoma

Chukueni la vipande vya mraba, sm 50 kwa 50. Likimwagikiwa wino mtang'oa kipande kimoja. La roli likiharibika katikati mnaishi na doa. Uzi uwe nailoni, manyoya mafupi ya vitanzi visivyokatwa, kwa sababu magurudumu hufungua manyoya marefu na kuyasokota. Lebo ya Ulaya ikionyesha daraja la 32 au 33, hayo ni ya maofisi. 21 hadi 23 ni ya nyumbani. Tafuteni pia alama ya kiti chenye magurudumu, kwa kuwa daraja peke yake halithibitishi hilo.

Hesabu: 5.2 ukigawa kwa 0.5 ni 10.4, kwa hiyo safu 11. Upande wa pili ni 8.6, kwa hiyo 9. Jumla vipande 99, ongeza asilimia 5 ya makosa na akiba, 104. Boksi likiwa na vipande 20 mtanunua 6, na vitakavyobaki msivirudishe. Vikaguliwe kabla ya kuondoka dukani, namba ya toleo iwe moja kwenye maboksi yote. Matoleo mawili ya rangi "ileile" hutofautiana, na mtaligundua taa zikiwashwa.

Sakafu mpya ya saruji hukauka kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, tena kukiwa na hewa nzuri. Tabaka la milimita 50 linahitaji karibu miezi miwili. Fundi akiwaambia wiki moja inatosha, mfanyieni jaribio la nailoni tulilomweleza msomaji wa Mombasa. Aanze kupanga kutoka katikati ya chumba, si ukutani, la sivyo mtaishia na kipande chembamba cha sm 20 kwenye mlango, penye kukanyagwa zaidi, nacho ndicho kitakachonyanyuka kwanza. Nyuma ya kila kipande kuna mshale. Yote ielekee upande mmoja, au ipokezane robo duara kama mnataka maungio yasionekane.

Kwa kona ya kusalia, kila mtu apewe upana wa sm 60 na urefu wa sm 120. Mistari ifuate kibla, si ukuta. Kutoka Dodoma kibla ni kaskazini ukiegemea mashariki kidogo, na majengo machache yamejengwa hivyo.

Assalaam alaykum. Nataka kununua zulia la Iran hapa Maskati nimpelekee mama Unguja. Nitazame nini, na nondo watalila? – Msomaji, Maskati

Waalaykum salaam. Kwanza uliza mji lilikofumwa, kisha uhakikishe mgongoni. La Tabriz hupimwa kwa raj, idadi ya mafundo katika kama sm 7. Weka rula mgongoni uhesabu mwenyewe: raj 50 ni karibu mafundo 510,000 kwa mita ya mraba, kazi nzuri kabisa. La Nain hupimwa kwa "la", yaani idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja kuwa uzi mmoja wa mtande, na hapo namba ndogo ndiyo bora, kwa hiyo "4 la" ni laini kuliko "9 la". La Qom la hariri ni la ukutani au chumba kisichoingiwa na watu. Kwa sebule ya Unguja mtafutie mama la sufu. Kashan ni jina lenye historia, na ufumaji wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, lakini jina la mji peke yake si dhamana ya zulia lililo mbele yako.

Rangi moja ikibadilika kidogo katikati ya zulia, usiogope. Ni pishi jingine la rangi, na wengine huipenda hivyo. Cha kuogopa ni rangi inayochuja. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, sugua mara kumi juu ya nyekundu na buluu. Kikitoka na rangi, liache, maana siku ya kuoshwa nyekundu itaingia kwenye nyeupe.

Nondo ndiyo, mabuu yao hula sufu, hasa pale pasipofagiliwa: chini ya kabati, nyuma ya sofa. Mwambie mama lifyonzwe vumbi pande zote mbili kila mwezi na lizungushwe mara mbili kwa mwaka. Vidonge vya naftalini kwenye chumba kilicho wazi ni kupoteza pesa. Hufanya kazi ndani ya kitu kilichofungwa tu. Kwa safari, livingirishe kama mkeka kufuata uelekeo manyoya yanakolala, livishe shuka la pamba kwanza, nailoni iwe ya nje.

Nimeona mazulia ya mtumba, mazuri na mazito. Ni salama? – Msomaji, Eldoret

Baadhi ni bora kuliko mapya ya bei hiyo. Kunja pembe karibu na sikio; ukisikia kama vijiti vinavunjika, nyuzi za ndani zimeoza kwa maji na litapasuka. Inusa mgongo, si uso, ukitafuta mkojo wa paka au mbwa. Ule huwa umeshaingia kwenye gundi na hautoki kwa kuoshwa. Tazama kama pindo zote nne zina mshono wa kiwandani: likiwa limekatwa kutoka kapeti la roli, ongeza kwenye bei gharama ya fundi wa kushona pindo.

Zulia linateleza kwenye tailizi, na mtoto ana pumu. – Msomaji, Morogoro

Weka chini yake wavu wa mpira wa kuzuia kuteleza, uliokatwa pungufu ya zulia sm 3 kila upande. Kama sakafu ni ya plastiki, usitumie mpira. Huacha rangi ya manjano isiyofutika. Kwa pumu, kwenye chumba cha mtoto weka zulia dogo la manyoya mafupi linaloingia kwenye beseni, au usiweke kabisa. Jipya lining'inizwe nje siku mbili au tatu harufu itoke.

Tulipeleka zulia kwa vijana wanaoosha magari. Limerudi lina rangi ya kahawia, linanuka, na pembe zimekunjamana. Limefanywa nini? – Msomaji, Mwanza

Limeloweshwa sana na kukaushwa polepole. Mazulia mengi ya mashine yana juti ndani, kwenye mshindio, yaani nyuzi za upana. Juti ikikaa na maji hutoa rangi ya kahawia inayopanda hadi ncha za manyoya wakati wa kukauka, nayo husinyaa, ndiyo maana ya pembe kukunjamana. Pampu ya kuoshea magari huachanisha gundi. Harufu ni ukungu uliopata siku ya pili ya unyevu.

Kahawia ikiwa mpya, changanya siki nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 4, jaribu kwanza pembeni, lowesha kitambaa cheupe, bonyeza bila kusugua, rudia.

Safari ijayo uchafu mwingi utoke likiwa kavu: litundike, lipige kwa mgongoni mpaka vumbi liishe. Mchanga ukikutana na maji huwa tope na hushuka hadi kwenye mizizi ya manyoya. Kisha kijiko kimoja cha chakula cha sabuni laini ya maji kwa lita 5, si sabuni ya unga, na brashi laini. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, kwani sabuni iliyobaki hunasa vumbi na zulia huchafuka upesi kuliko mwanzo. Vuta maji kwa mpira wa kukaushia sakafu ukifuata manyoya, tundika juu ya mabomba mawili hewa ipite kati, mgongo ndio uelekee jua. Anza saa mbili asubuhi, si alasiri. Jioni weka kiganja mgongoni. Pakiwa baridi, bado kuna maji, na lisiingie ndani. Likiwa la sufu, Jik isilikaribie kabisa: dawa ya klorini haiing'arishi sufu, inaiyeyusha.